GARI LINALOWAKA LEO NA KUGOMA KESHO



Ukurasa huu umezoea kukuletea habari za kofia, viatu vya kazi, vumbi na maji ya kunywa. Safari hii nakuletea habari ya gari la zamani la mazutu, lile linalowaka siku likipenda na kugoma siku likipenda. Usiseme, "Mganga na moteri, wapi na wapi?" Soma kwanza, kisha utahukumu mwenyewe.

Kituo nilichokuwa nikifanyia kazi kiko juu milimani, upande wa Masisi, mbali na hospitali. Tulikuwa na gari moja la kubeba wagonjwa: Toyota Land Cruiser yenye moteri ya 1HZ, ya silinda 6. Moteri ya namna hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1990, na ile yetu ilikuwa imekwisha kupita miaka ishirini barabarani. Wewe unayefanya kazi Rubaya au Ndjingala unazijua gari hizo. Zimepanda kila kilima na kuzama katika kila tope la Masisi na Walikale.

Usiku mmoja, saa nane na nusu, mke wa mfanyakazi mwenzetu aliletwa dispansari. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi ya jana yake, na mtoto hashuki. Hapo kazi yangu ilikuwa moja tu: kumfikisha kwa daktari wa upasuaji upesi. Shofere akageuza ufunguo. Demareri ikazungusha moteri bila shida. Moshi mweupe ukatoka nyuma. Gari halikuwaka. Akajaribu tena na tena, mpaka batri ikachoka.

Tukaita wanaume waje kusukuma. Walikuja kumi na wawili, wengine na ndala miguuni. Njia ilikuwa tope. Gari likasogea, likasita, likarudi nyuma. Mmoja wao akateleza, na gurudumu likampita juu ya mguu. Waliposukuma mara ya pili kuelekea mteremkoni, gari liliwaka. Lakini tulikuwa tumepoteza karibu saa nzima, na badala ya mgonjwa mmoja nilikuwa na wawili. Mama alipasuliwa alfajiri. Yeye na mtoto wake walipona, Mungu ashukuriwe. Mwenzetu aliyevunjika mguu alikaa miezi miwili bila kazi.

Sitaki kumlaumu shofere. Ninajilaumu mwenyewe. Gari lile lilikuwa limenung'unika wiki tatu kabla ya usiku huo. Kila lilipogoma, baadaye liliwaka, nasi tukasahau. Katika rejista yangu ya vifaa sikuandika hata mstari mmoja. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

GARI LINA HOMA YA VIPINDI

Mtu mwenye malaria anaweza kutetemeka usiku kucha, na asubuhi akaja dispansari akicheka. Ukimtazama kwa macho tu utasema haumwi. Kwa hiyo namwuliza: homa ilianza lini? Inakuja saa ngapi? Ulitoka safari ya wapi? Kisha napima damu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linatuagiza tupime kabla ya kutoa dawa ya malaria, kwa sababu si kila homa ni malaria.

Sisi kwa gari letu tulifanya kinyume. Kila lilipogoma tulisema, "Ni batri." Tulinunua batri mpya. Likawaka siku nne, siku ya tano likagoma. Tulitoa dawa bila kupima.

Gari linalogoma kila siku ni rahisi kulitengeneza. Linalogoma mara moja moja ndilo gumu, kwa sababu ukilifikisha garaji linawaka mbele ya fundi, naye anakuambia uende zako. Basi fundi huyo anahitaji kile ninachohitaji mimi kwa mgonjwa wangu: historia.

DAFTARI LA MAKUMI MATATU KURASA

Baada ya usiku ule, mimi na shofere tulifunga daftari dogo kwa kamba karibu na usukani. Kila gari lilipowashwa, liwake lisiwake, tuliandika mambo sita:

1. Siku na saa, na mahali tulipo.
2. Moteri ni baridi au ni moto?
3. Gari lilikuwa limeegeshwa pua juu, pua chini, au tambarare?
4. Demareri ilifanya nini: ilizunguka kwa nguvu, ilizunguka kwa uvivu, ilipiga "tik" tu, au ilinyamaza?
5. Moshi ulitoka? Wa rangi gani?
6. Mwishowe ni kitu gani kiliwasha gari?

Penseli na daftari si ghali kama batri. Lakini ili uweze kuyasoma majibu, lazima ujue moteri ya mazutu inawakaje.

Moteri ya esansi huwashwa na cheche. Ya mazutu haina cheche. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Ndani ya 1HZ hewa hubanwa zaidi ya mara 22, ikapata joto la kupita digrii 500. Hapo mazutu yananyunyizwa, nayo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo gari linadai mambo matatu: nguvu ya kuzungusha, mazutu yasiyo na hewa wala maji, na joto. Likikosa moja, linagoma. Ulizia hayo matatu kwa zamu, usiruke.

SWALI LA KWANZA: NGUVU IPO?

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo, na mwenzako atazame taa.

Taa zikififia sana na demareri ikanyamaza au ikazunguka kwa uvivu, batri ni dhaifu, au vibanio vya batri vimelegea na kuota unga mweupe, au waya mnene unaounganisha batri na chuma cha gari umeoza. Kabla ya kununua batri, safisha na kaza. Kwa gari la volti 12, batri iliyojaa ikipumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12 tu, iko karibu na kuisha. Moteri ikiwa inazunguka, kipimo kipande kati ya 13.8 na 14.4. Kisipopanda, kosa ni la dinamo inayochaji. Ukinunua batri mpya, nayo itakufa vilevile.

Taa zikibaki na nguvu na ukasikia "tik" moja tu, kisha ukijaribu mara ya tano au ya kumi inazunguka kama kawaida, fikiria vipande viwili vya shaba vilivyo ndani ya swichi ya demareri. Katika demareri za Toyota za zamani vinaliwa kidogo kidogo. Siku vinagusana, siku havigusani. Ni vipande vidogo vinavyobadilishwa peke yake. Wengi wametupa demareri nzima kwa ajili yake.

SWALI LA PILI: MAZUTU YANAFIKA?

Ikiwa demareri inazunguka vizuri na gari haliwaki, tazama bomba la moshi.

Hakuna moshi hata kidogo? Mazutu hayafiki. Sikiliza juu ya pompa: ukifungua ufunguo bila kuzungusha, vali ndogo ya umeme hupiga "tak". Usiposikia, waya wake umelegea au vali imekufa. Ukisikia, tafuta hewa. Bonyeza pompa ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini kama puto, kisha ikakaza baada ya kubonyeza mara nyingi, na gari likawaka, basi hewa iliingia. Iliingia wapi? Tazama mipira ya mazutu yenye nyufa, vibanio vilivyolegea, raba ya filta. Mahali mazutu yanapotoka nje yakiwa na nguvu, ndipo hewa huingia gari likilala.

Usisahau maji. Mazutu yetu mengi husafiri kwa mapipa na bidoni, chini ya mvua ya Walikale, hupitia mikono mingi kabla ya kuingia katika tangi. Acha bidoni itulie usiku mzima, mimina polepole kupitia kitambaa safi, na yale ya chini kabisa usiyamimine. Kila wiki fungua kizibo cha chini ya filta, utoe maji katika chupa uyaone.

SWALI LA TATU: JOTO LIPO?

Moshi mweupe ukitoka na gari haliwaki, mazutu yanafika lakini hayawaki. Joto limepungua. Kwanza pima bujia za kupasha moto. Fungua ubao wa chuma unaoziunganisha. Chukua taa ndogo ya kujaribia, funga waya wake mmoja kwenye chanya ya batri, na wa pili uguse kichwa cha kila bujia. Taa ikiwaka, waya wa bujia haujakatika. Isipowaka, bujia imekufa. Ukinunua mpya, soma volti iliyochapwa juu yake, kwa sababu si zote ni sawa.

Na kama gari linawaka vizuri asubuhi likiwa baridi, lakini baada ya safari ndefu, moteri ikiwa moto, linakataa mpaka lipumzike? Mazutu yakipata moto huwa mepesi, na pompa iliyochakaa inashindwa kuyasukuma. Weka kitambaa chenye maji juu ya pompa, ungoje. Likiwaka baada ya kupoa, peleka pompa kwa fundi wa pompa. Usimwage ndoo ya maji baridi juu yake, itakwama.

DAFTARI LETU LILISEMA NINI

Baada ya wiki tatu tuliketi tukasoma. Ajabu, gari letu lilikuwa na magonjwa mawili, kama mtoto mwenye malaria na homa ya mapafu pamoja.

Ugonjwa wa kwanza ulikuja alfajiri tu, moteri baridi, na kila mara kwa moshi mweupe. Tulipima bujia sita. Nne zilikuwa zimekufa. Zilikufa lini? Gari hilo lilikuwa limefanya kazi Walikale miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwetu. Tulimpigia simu shofere wake wa zamani. Akasema, "Huku halikunisumbua asubuhi hata siku moja." Alisema kweli. Walikale ni chini, msituni, na joto halikosekani. Milima ya Masisi, mahali pengine, hupita mita 2,000. Alfajiri ni baridi na hewa ni nyepesi. Huenda bujia zilikufa Walikale, na joto la msitu likauficha ugonjwa. Hata ile batri mpya iliuficha: ilizungusha moteri kwa kasi zaidi, joto likaongezeka kidogo, likatosha siku nne. Asubuhi ya tano ilikuwa baridi kuliko nyingine.

Ugonjwa wa pili ulikuja saa yoyote, bila moshi wowote, na kila mara safu ya tatu ya daftari iliandikwa maneno yale yale: "pua juu, mbele ya dispansari." Tangi la gari liko nyuma. Gari likiegeshwa pua juu, mazutu hurudi taratibu kwenye tangi kama yakipata hewa ya kuyaachilia. Tuliufuata mpira wa mazutu kwa kidole, tukakuta ufa chini ya kibanio, mdogo kuliko ukucha. Tulibadilisha bujia na kipande cha mpira. Gari likapona.

Bila daftari, tungebadilisha batri ya tatu.

HATARI ZINAZOKUJA NA GARI LINALOGOMA

Sasa nazungumza kama mganga. Gari likigoma, watu hufanya haraka, na haraka hiyo huniletea wagonjwa.

Usinyonye mazutu kwa mdomo ili kutoa hewa katika mpira. Tone likiingia mapafuni laweza kuleta homa kali ya mapafu. Mtu akimeza au akipaliwa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mlete dispansari hata akisema hajambo, kwa sababu kikohozi na homa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Usiweke mkono mbele ya bomba la enjekta linalovuja. Mazutu yanatoka kwa mkandamizo wa zaidi ya bar 100, nayo hupenya ngozi. Utaona kitundu kama cha sindano na utafikiri si kitu. Ndani nyama inakufa. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji siku ile ile. Fundi akilegeza nati ya bomba ili atoe hewa, ailegeze kidogo tu, uso pembeni.

Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na batri. Ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Ukifungua batri, toa waya wa hasi kwanza. Ukifunga, urudishe mwisho. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20 bila kungoja ruhusa ya mtu, kisha uje.

Usipulizie eta kwenye moteri yenye bujia za kupasha moto, wala usiwashe moto wa matambara chini yake. Moteri zimepasuka na nyuso zimeungua.

Usigushe demareri kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu. Kama gia imeingia, gari litakukanyaga.

Usiache moteri ikinguruma usiku kucha kwa kuogopa kwamba ikizimwa haitawaka, hasa karibu na dirisha la wagonjwa au ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi una gesi ya kaboni inayoua bila harufu, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Kuhusu kusukuma: kumbuka kwamba moteri ikiwa imezimwa, breki inakuwa ngumu kukanyaga, kwa sababu msaada wake unatoka kwa moteri. Gari linarudi nyuma na shofere hana nguvu ya kulizuia. Ikiwa hakuna njia nyingine, sukumeni kuelekea chini tu, mtu mmoja atoe amri, asiwepo mtu mbele wala kati ya gari na ukuta, na mtu mmoja ashike jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu. Mwenye ndala asisukume.

KUMBUKA, NDUGU

Kwako shofere: gari likigoma mara moja, likawaka mara ya pili, halijapona. Andika. Usione haya kusema mbele ya mkubwa kwamba gari lina kasoro.

Kwako fundi wa garaji: usimrudishe shofere kwa sababu gari limewaka mbele yako. Mwulize maswali sita.

Kwako mkubwa wa kituo: mtu akikuletea daftari, lisome. Bujia nne na kipande cha mpira ni rahisi kuliko miezi miwili ya mfanyakazi kitandani.

Na kwako mganga mwenzangu: kila jioni, kabla ya kufunga dispansari, mwombe shofere awashe gari la wagonjwa. Lizime, uliache likiwa limeegeshwa tambarare au pua chini, mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Asubuhi, likiwa baridi, liwashwe tena mbele yako. Mimi nafanya hivyo kila siku, na mstari wa gari uko katika rejista yangu, chini ya mstari wa dawa.

Yule mama hupita dispansari siku za kupima watoto. Mtoto wake sasa anatembea. Kila akiliona gari huliendea na kulipiga magurudumu kwa kiganja. Sisi tulimfikisha hospitali kwa bahati. Mwingine atakayekuja usiku asitegemee bahati yetu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazi njema na usalama.